Barua Kumi na Moja za Kapteni Bascomb

Majira ya machipuko ya mwaka ule, ukungu ulikataa kuondoka bondeni kwetu. Asubuhi ukifungua mlango huoni ghala wala uzio, unaona ng'ombe wanatokeza vichwa kwanza, miguu baadaye, kana kwamba wanaumbwa pale pale mbele yako. Mume wangu, Kapteni Lyman Bascomb, aliupenda ukungu huo kupita kiasi. Alitoka bila kofia akapotelea humo, na nikimwita aje anywe chai, aliitikia kutoka upande nisioutarajia. Mtu huyo ndiye ambaye chama kilitaka kumpeleka Washington akatutungie sheria.

Msidhani nilimdharau. Nilimpenda kabla sijamwona, na nilimpenda kwa barua. Kaka yangu Asahel aliuawa Virginia, katika vita vya Kaskazini na Kusini, Juni ya mwaka wa sitini na nne, katika shambulio la alfajiri lililomaliza nusu ya kombania yao kabla watu hawajapata kahawa. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya kapteni wake. Wakati ule ilikuwa desturi, kila kapteni alimwandikia mama wa kila askari aliyemwacha uwanjani, na akina mama wa Vermont hawakuuliza sana mtoto amezikwa wapi. Waliuliza nani alikuwa karibu naye, na alisema nini mwishoni. Mtoto aliyekufa bila neno la mwisho ilikuwa kama bado anakufa, kila siku, mahali fulani mbali.

Barua ya kapteni ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema Asahel alikuwa mtulivu, uso wake ulielekea kaskazini, na maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mwambie mama sioni baridi."

Ungemjua mama yangu ungeelewa. Majira mawili ya baridi alikuwa akifuma soksi kwa ajili ya Asahel hadi vidole vikavimba, kwa sababu kila barua ya Asahel ilisema miguu inaganda. Alipoisikia sentensi ile aliketi kwenye ngazi ya jikoni akalia, na kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kuanzia siku hiyo akaanza tena kula. Mimi nami nilimwandikia kapteni kumshukuru, naye akanijibu, nikamwandikia tena. Vita vilipokwisha alikuja mwenyewe, akichechemea mguu wa kushoto, akaketi jikoni kwetu alasiri nzima asiseme maneno ishirini. Mama alimpa kiti cha Asahel. Mwaka uliofuata tukaoana, na mama akahamia kwetu na barua yake.

Siasa ndiyo iliyomfuata Lyman, yeye hakuifuata. Karibu kila kijiji cha wilaya yetu kilikuwa na mama mmoja mwenye barua kutoka kwake. Siku ya Kupamba Makaburi, mwishoni mwa Mei, watu wakishaweka maua kaburini, mama huyo alisimama kanisani akaisoma barua, watu wakafuta macho, na Septemba wakampigia kura aliyeiandika. Hivyo ndivyo alivyokwenda Montpelier, kwenye bunge la jimbo, vipindi viwili. Alipohutubia alikuwa na kawaida ya kunyamaza katikati ya sentensi, akitazama juu ya vichwa vya watu. Magazeti yaliita huo ufasaha. Mimi nilijua ameondoka tu, yuko mahali pengine, na angerudi akishakuwa tayari.

Sasa akaja Bwana Philo Griswold, mtu wa chama, na sigara zake zinazonukia kama mkeka unaoungua. Alisema kiti cha Kongresi kiko wazi na kinachohitajika ni siku moja kubwa. Mwaka huu vijiji visipambe makaburi kila kimoja kivyake. Vikutane vyote Tarrant, penye mnara mpya wa kombania, na badala ya mama mmoja wasome wawili: Keziah Dunmore wa milimani, aliyempoteza Orrin, na Dorcas Peaslee wa mjini, aliyempoteza Willard. Mkulima na mke wa mwenye duka, alisema, akafurahi mwenyewe. Lyman alikuwa akitazama dirishani. Akasema sawa, na sidhani alisikia.

Siku mbili kabla ya sherehe, Keziah alikuja jikoni kwangu. Ni mwanamke mkubwa, mvuta kiko, mwenye sauti ya kuwaita ng'ombe bonde la pili. Alisema ameikalia miwani yake, na kwa umri wake kitu akishakikalia hakitengenezeki. Alitaka nimsomee barua mara tatu aihifadhi moyoni, maana hakukubali kusimama mbele ya watu wa mjini akiikodolea karatasi macho kama fundi saa.

Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma. Birika lilikuwa linachemka, na mvuke ulikuwa umejaa hadi dirisha halionyeshi kitu. Nikaichukua karatasi. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi imekuwa laini kama kitambaa. Nikasoma kwamba Orrin alikuwa mtulivu, na uso wake ulielekea kaskazini. Nikaona mstari unaofuata kabla sijautamka, na jikoni pakawa mbali nami, kama napaangalia kutoka chini ya maji.

"Umekwama, mke wa Kapteni?" Keziah akauliza. "Miaka yote hii unalala na mwandishi, mwandiko hujaujua?"

Nikautamka. Mwambie mama sioni baridi. Keziah alifumba macho akaurudia baada yangu, polepole, kiko mkononi. Kisha akaniambia kwamba Orrin alizaliwa Januari katika nyumba ambayo bado haijaezekwa upande mmoja, na theluji iliingia hadi kitandani. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwona bila kuwaza kama amevaa vya kutosha. Watu walimcheka kwa hilo. Sentensi ile, alisema, ndiyo iliyomfanya aache kuamka na kwenda mlangoni kila theluji inapoanguka.

Nilimsomea mara ya pili na ya tatu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilihisi mtu ameingia nyumbani kwetu miaka kumi na miwili nyuma akamchukua Asahel mara ya pili, na mtu huyo nilikuwa nimempikia uji asubuhi ile.

Keziah alipoondoka nilikwenda kwenye miti ya matufaha. Ilikuwa imechanua, na kwa ule ukungu hukuweza kujua maua yanaishia wapi. Lyman alikuwa amesimama humo ameshika shina kwa mkono mmoja.

"Orrin Dunmore alisema nini alipokufa?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Umeisoma barua ya Keziah."

"Nimeisoma. Na ya Dorcas?"

"Ni hiyo hiyo, Lovina."

"Na nyingine?"

"Zote kumi na moja."

Kisha akaniambia, kwa sauti ile ya mtu anayesimulia jambo la jana. Baada ya shambulio alilazwa hemani, mguu umepasuliwa, ana homa, amepewa afyuni. Sajini alimletea orodha ya majina na kasha tupu la biskuti aandikie juu yake. Nao wakaja. Waliingia mmoja mmoja, kofia mkononi, matope magotini, wakaketi miguuni pake. Kila mmoja alisema neno hilo moja, na yeye akaliandika. Homa ilipoondoka, barua zilikuwa zimekwisha kutumwa. Alijiuliza kama alisikia, au aliota, au alitunga tu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuwapa akina mama.

"Lakini walikuja," alisema. "Naapa walikuja."

"Walikuwa wamekufa, Lyman."

"Najua. Walipanga foleni vizuri kuliko walivyowahi kuipanga wakiwa hai."

Petali lilikuwa limemwangukia begani, na kwa mazoea niliinua mkono nimpanguse, kisha nikaurudisha. Nikamuuliza kama Asahel naye alikuwa kwenye foleni. Nikaona anaanza kuondoka kwa ile njia yake ya kuondoka akiwa amesimama. Safari hii nilimshika koti.

"La Asahel usiniulize leo," akasema.

Nilimwambia akamwone Dorcas Peaslee kesho yake, amwombe asisome, atafute sababu yoyote. Alikubali. Kesho yake alitandika farasi akaingia ukungu, akarudi jioni mwenye matope hadi kifuani, na kumbe hakufika hata barabara kuu. Alikuwa ameketi kando ya mto. Alisema hakujua utamwambiaje mama asiisome barua yake bila kumwambia kwa nini.

Siku yenyewe magari ya farasi yalianza kupita alfajiri, yamejaa maua ya lilaki na mapai ya matunda yaliyofunikwa vitambaa. Mama hakuweza kwenda kwa sababu ya nyonga. Alinipa shada la kaburi tupu la Asahel, akaniagiza nisikilize vizuri barua za wenzake nije nimsimulie. Nikasema nitasikiliza. Njia nzima sikuzungumza na mume wangu.

Tarrant ilikuwa imejaa watu hadi juu ya mapaa. Ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka mtoni, ukawaficha waliokaa chini kwenye nyasi, kwa hiyo askari wa zamani wa kombania waliosimama kuzunguka mnara, makoti ya buluu yamekataa kufungika vifungo juu ya vitambi, walionekana kama wanaelea. Bendi ilipiga wimbo wa dini na nusu ya wapigaji wakapiga mwingine. Lyman alikuwa jukwaani, mikono magotini. Griswold alikuwa nyuma yake anatabasamu.

Keziah alisimama bila karatasi. Sauti yake ya kuitia ng'ombe ilishuka hadi watu wakainama mbele kumsikia. Alipofika kwenye neno la Orrin, nilisikia wanawake wakivuta pumzi kotekote, nami sikumtazama yeye. Nilimtazama Dorcas Peaslee, mdogo, nadhifu, glavu nyeupe. Alikuwa amefungua barua yake mapajani. Alisoma mstari, akainua macho kwa Keziah, akasoma tena.

Walipomwita alikwenda mbele kama mtu atembeaye usingizini. Alisoma kwamba Willard alikuwa mtulivu, na uso wake ulielekea kaskazini. Hapo akanyamaza. Tulisikia farasi wakitafuna.

"Sijui kama niendelee," akasema Dorcas.

Griswold aliinama sikioni mwa Lyman. Baadaye nilijua alichosema: simama uwaambie ndiyo, wote walisema hivyo, mashujaa wote walikuwa na moyo mmoja. Na ingefaa. Najua watu wetu. Wangelia, wangemtuma Washington na huenda mbali zaidi. Nilimwona Lyman akisimama, akitazama juu ya vichwa, nikaomba Mungu asiondoke. Akashusha macho, akawatazama wale wanawake wawili.

"Akina mama," alisema, "maneno hayo ni yangu. Wanenu sikuwasikia wakisema kitu. Wengi wao walikuwa wamekufa kabla sijafika walipoanguka. Nilikuwa na homa, nikaota wakinijia, nikawaandikia ndoto yangu. Mmenipigia kura kwa ndoto hiyo, nami nikanyamaza."

Mtu mmoja nyuma alisema aibu. Mwingine akamwambia akae. Dorcas alikuwa bado amesimama, barua mkononi, machozi yanamtiririka bila sauti. Keziah ndiye aliyeinuka, akamsogelea Lyman hadi nikafikiri atampiga.

"Sasa nijibu moja tu," akasema. "Aliona baridi?"

"Hapana, mama."

"Usinidanganye mara ya pili, Kapteni."

"Ilikuwa Juni, mama, na ilikuwa Virginia. Joto lilikuwa kali hata usiku tulilala bila kujifunika. Hakuna hata mmoja wao aliyeona baridi."

Keziah alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao nadhani alikuwa anarudi tena kwenye kila mlango aliowahi kuufungua katika theluji. Kisha akamgeukia mwenzake, akamshika kiwiko kwa mkono wake mkubwa. "Isome, Dorcas," akasema. "Ni kweli. Isome yote." Na Dorcas akaisoma yote.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikwenda makaburini na maua yao wakizungumza chini chini. Nami nililiweka shada la Asahel. Griswold aliondoka kabla mapai hayajakatwa, na mwezi uliofuata chama kilimchagua wakili wa kusini mwa wilaya ambaye hakuwahi kumwandikia mtu barua ya aina yoyote isipokuwa ya madai. Lyman hakuwania kitu tena.

Tulirudi katikati ya mchana. Jua lilikuwa limetoka hatimaye, na bonde zima lilifuka mvuke, mashamba, uzio, hata mgongo wa farasi. Nilikuwa nimeanza kumsogelea. Nilijivunia alichofanya, na nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nilimuuliza lile la Asahel.

Alisimamisha gari kabisa. "Asahel nilimfikia," akasema. "Yeye peke yake. Nilitambaa hadi alipokuwa, na tulilala ubavu kwa ubavu mpaka adhuhuri, risasi zikipita juu."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

Mikono yake ilikuwa imeshika hatamu kama yuko kwenye mteremko mkali, na barabara ilikuwa tambarare.

"Yalikuwapo kwenye chupa yangu," akasema. "Mafunda mawili, labda matatu. Nilimwambia yamekwisha. Aliomba tena, nikamwambia tena yamekwisha. Alipofumba macho niliyanywa."

Farasi alitikisa kichwa kufukuza nzi. Nilimuuliza kama hicho ndicho kilichomleta jikoni kwetu baada ya vita. Alisema ndiyo, alikuja kumwambia mama. Lakini mama alimkaribisha kwenye kiti cha Asahel akampa bilauri ya maziwa, akayanywa, na baada ya hapo hakuweza. Alisema leo ataweza. Tukifika tu atamwambia.

Nitasema wazi kwamba pale juu ya gari nilimchukia. Nilimchukia kwa ule mkono, ile shingo inayomeza, zile asubuhi zote nilizomtafuta ukunguni nikidhani ni mtu mwenye ndoto nyingi tu. Na wakati huo huo nilijua kwamba nikishuka garini sitakuwa na kwingine ninakotaka kwenda. Miaka kumi imepita na sijaona sababu ya kubadilisha neno hata moja katika hayo.

Jirani yetu Abner Tuttle, mwenye farasi mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, alikuwa ameshapita kwetu. Tulimkuta mama jikoni, bakuli la viazi mapajani, kisu mkononi, na maganda yamekoma katikati ya kiazi. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa mwaka wa sitini na nne, kabla ya barua.

"Abner anasema Kapteni aliota," akasema. "Anasema zote zilikuwa ndoto."

Lyman alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Alivua kofia. Nilimsikia akivuta pumzi ya kuanza, ile pumzi niliyoisikia kwenye majukwaa mengi. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Na Asahel wetu, Lovina?"

"Asahel ni tofauti, mama," nikasema, haraka, kabla yake. "Kapteni alimfikia yungali hai. Walilala pamoja mpaka adhuhuri. Nimemuuliza njiani."

"Hakuwa peke yake?"

"Hakuwa peke yake."

"Na neno lile alilisema mwenyewe?"

"Alilisema mwenyewe, mama. Alisema haoni baridi."

Mama alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Lyman, kisha mimi tena. Sijui aliona nini. Akageuza kiazi mkononi, akaendelea kumenya kuanzia pale alipokuwa ameachia. Lyman akavaa kofia yake akaenda kumfungua farasi, nami nikatafuta kisu kingine nikaketi kumsaidia mama.